Bento la Mwani kutoka Ofisi ya Mji

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kozue alikuwa na kazi mbili: moja aliichukia, nyingine aliipenda. Aliyoichukia ni kuosha sufuria kubwa la soya, kwa sababu ilimbidi aingize kichwa na mabega ndani yake kama mtu anayetafuta kitu kisimani. Aliyoipenda ni kusukuma kigari cha makapi ya soya hadi juu mlimani, kwenye zizi la ng'ombe la baba yake Fumika. Bibi yake, Bibi Tokie, alikuwa mtengeneza tofu, jibini laini la maziwa ya soya. Soya ikishakamuliwa, makapi hubaki, na ng'ombe wa mji wa Inomori hawakuwahi kuyakataa.

Fumika alikuwa akimsubiri getini. Walimwaga makapi pamoja, kisha wakateremka mbio kwenda shuleni, kwani wote wawili walikuwa darasa la sita. Katikati ya mteremko walisimama kwenye chemchemi. Maji yalitoka katikati ya mawe, baridi ya kuuma meno, na kando yake palitundikwa kata ya mianzi kwa yeyote mwenye kiu. Bibi Tokie alitengeneza tofu yake kwa maji hayo hayo, na watu walitoka miji mingine na madumu yao kuja kuyachota.

Asubuhi moja, katikati ya msimu wa mvua, walikuta kamba ya njano imezungushwa kwenye chemchemi. Kata ya mianzi haikuwepo. Mahali pake palikuwa na kibao cha ofisi ya mji: "Kwa sasa, maji haya yasinywewe."

"Kwa sasa ni mpaka lini?" Kozue aliuliza.

"Mpaka waondoe kibao," Fumika alijibu.

"Na kwa nini yasinywewe?"

"Mimi nitajuaje? Kiulize kibao."

Kozue alikisoma tena mbele, akaenda kukitazama na nyuma. Huyo ndiye Kozue. Ukimwambia chai ni ya moto, atakuuliza moto kiasi gani na nani ameipima.

Kibao kilinyamaza, lakini watu hawakunyamaza. Mvua zilipokwisha, mji mzima ulikuwa na jibu ambalo hakuna aliyelitoa. Chemchemi iko chini ya mlima, si ndiyo? Na juu ya mlima kuna nini? Kuna ng'ombe. Wateja wa Bibi Tokie walilisema jambo hilo kwa sauti ya chini huku wakipokea tofu yao, ambayo sasa ilitengenezwa kwa maji ya bomba na haikuwa na utamu wake wa zamani. Bibi naye alikuwa akiudhika. Alipanda kila siku kwenye nyumba yao ya zamani, ile iliyofungwa juu ya chemchemi, ambako alihifadhi na kuchambua soya, na kila aliporudi alikuwa ameliona zizi na hasira zimempanda.

"Kwa sasa, usipeleke makapi kule," alimwambia Kozue siku moja.

"Bibi! Na wewe umeanza 'kwa sasa'?"

"Nimesema usipeleke. Atunze kwanza mavi ya ng'ombe wake."

Shuleni mambo yalikuwa mabaya zaidi. Wakati wa chakula cha mchana, Daigo, mvulana mwenye mdomo mrefu kuliko wote darasani, aliinua glasi yake ya maziwa akainusa. "Jamani, haya ni ya kwao Fumika? Basi mimi nishashiba!" Watoto wakacheka. Fumika aliinama akala wali wake kimya. Kozue hakucheka, lakini hakusema kitu pia, na jambo hilo lilimkaa rohoni mchana kutwa.

Walipokuwa wakifagia ukumbi, Fumika alimwambia bila kumtazama, "Baba ameuza ng'ombe wanne. Kiwanda cha maziwa kinasema wateja wanalalamika. Mambo yakiendelea hivi, mwaka wa shule ukiisha tunahamia jijini kwa shangazi."

"Lakini hamjafanya kitu!"

"Wewe unajua hivyo?" Fumika alimkazia macho. "Au unasema tu?"

Kwa kweli Kozue hakujua. Hakuna aliyejua. Na kutojua ndiko kulikomkera kuliko yote.

Wiki ile ile, katika somo la uraia, Mwalimu Hirose alifundisha kuhusu sheria ya kupata taarifa. Alisema karatasi zilizoko ofisini kwa serikali si mali ya wakubwa wa ofisi. Ni mali ya wananchi, na maofisa wamewekwa kuzitunza tu. Mwananchi akitaka kuziona, huomba, na ofisi lazima itoe, au ieleze kwa maandishi kwa nini haitoi.

Mkono wa Kozue ulikuwa juu kabla mwalimu hajamaliza. "Mwalimu, hata mtoto anaweza kuomba?"

Mwalimu Hirose alifungua kitabu chake cha kanuni za mji, akatafuta, akatabasamu. "Hapa wameandika 'mtu yeyote'. Hawakusema awe na urefu gani."

Bibi Tokie alilipenda wazo hilo mno. "Vizuri sana!" alisema akijifunga kitambaa chake kizuri kichwani. "Waitoe hiyo karatasi, mji mzima uone ng'ombe wale wametufanyia nini."

Kule ofisini, idara ya maji ilikuwa chini ya Bwana Kuwabara, mtu mnene, mpole, aliyetokwa na jasho hata siku za baridi. Alikuwa akija dukani kwa Bibi kunywa maziwa ya soya tangu akiwa wa kushikwa mkono. Alipowaona wawili hao mbele ya dirisha lake, alisimama, akainama, akakaa, kisha akasimama tena.

"Tunaomba karatasi zote za upimaji wa maji ya chemchemi," Kozue alisema.

"Ah. Za chemchemi." Bwana Kuwabara alijifuta shingo. "Na mwombaji ni nani, Bibi?"

"Ni huyu mjukuu wangu. Na mimi."

"Huyu? Ana umri gani?"

"Kanuni inauliza umri?" Kozue alisema kwa adabu.

Bwana Kuwabara aliiangalia kanuni. Haikuuliza. Akapokea ombi lao kwa mikono miwili, akakohoa, akafungua mdomo kama mwenye neno, kisha akasema kwamba joto la mwaka huu limezidi.

Jioni moja majuma kadhaa baadaye, Kozue alirudi nyumbani na njaa. Alipokuwa akivua viatu, alimsikia Bibi akiongea kwa simu na dada yake kwa sauti kali. "Ndiyo, imefika! Unajua ofisi ya mji imetupa nini? Bento la mwani! Ndiyo, bento zima zima!"

Kozue aliruka ndani mate yakimtoka. Bento la mwani alilipenda sana: sanduku la wali, juu yake mwani mweusi umetandazwa mpaka huoni hata punje nyeupe, na chini yake labda kuna samaki. Alitazama mezani. Palikuwa na bahasha tu.

"Bibi, bento liko wapi? Umeshalila?"

Bibi alimtazama, akaiweka simu, na hasira zote zikamgeuka kicheko. "Lile pale, mjukuu wangu. Kula ushibe."

Kozue alifungua bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi tatu, na karatasi zote zilikuwa zimepakwa weusi, mstari kwa mstari, kutoka juu hadi chini. Yalibaki maneno machache tu kwenye kingo: "Inomori", "chemchemi", "matokeo", "kwa hiyo". Hivyo ndivyo watu wanavyoziita karatasi za namna hiyo, bento la mwani, na Kozue aliona mara moja kwamba jina limefaa. Tena hili halikuwa na samaki chini.

Lakini je, kweli halikuwa na kitu? Alizishika karatasi dhidi ya taa. Akazipeleka dirishani. Akazipindua, akazikwaruza kwa ukucha, akazinusa. Weusi ulikuwa weusi. Kwa nini mtu afiche hata tarakimu? Nambari ina siri gani? Na baada ya "kwa hiyo", kwa hiyo nini?

"Tumekwisha shindwa," Bibi alisema. "Wakubwa wakishafunika, wamefunika."

Kozue alikuwa ameikuta karatasi ya nne, ndogo, iliyobanwa nyuma. Maandishi yake yalikuwa madogo mno kwa macho ya Bibi, hivyo akayasoma kwa sauti. Yalisema kwamba baadhi ya sehemu zimefunikwa kwa sababu zina habari za mtu binafsi. Na mwombaji asiyeridhika ana miezi mitatu ya kuomba uamuzi huo utazamwe upya na baraza la watu wasio wafanyakazi wa ofisi ya mji.

"Habari za mtu binafsi," Kozue alirudia. "Bibi, maji ni mtu?"

"Maji si mtu."

"Basi wafunike jina la mtu. Maji watuonyeshe."

Bibi alimtazama mjukuu wake, akavuta kalamu. Usiku ule waliandika maneno hayo hayo ya Kozue, kwa heshima zote zinazotakiwa: majina hatuyahitaji, tunataka kujua maji yana nini na uchafu umetoka wapi. Kesho yake Bibi aliipeleka barua mwenyewe.

Hapo Bwana Kuwabara akaanza kuja dukani mara kwa mara. Alinunua tofu mbili, akasifu mawingu. Juma lililofuata akanunua nne, akauliza magoti ya Bibi yanaendeleaje, akakohoa, akaondoka. Mara nyingine alifika mpaka mlangoni, akarudi nusu ya njia, akaja tena kununua kipande kimoja.

"Mtu huyu tofu zote anampa nani?" Kozue aliuliza. "Si anaishi peke yake?"

"Moyo haumtulii," Bibi alisema. "Anaogopa baraza."

Majani ya mlimani yalikuwa yameshageuka mekundu bahasha ya pili ilipofika. Kozue aliifungua. Baraza lilikuwa limeamua kwamba ofisi ilikosea: jina la mtu linaweza kufunikwa, lakini yanayohusu maji na afya ya watu hayafunikwi. Karatasi zilikuwa nyeupe. Baada ya miezi yote ile, palibaki kipande kimoja tu cha mwani, kidogo, karibu na mwisho.

Alisoma kwa sauti, haraka, akimezameza maneno. Maji yalikutwa na vijidudu vinavyotoka chooni. Zizi la ng'ombe lilikaguliwa mapema kabisa, na halihusiki hata kidogo, kwani maji yake yanateremkia upande wa pili wa mlima.

"Halihusiki!" Kozue alipiga kelele. "Bibi, walijua! Walijua tangu mwanzo! Ngoja nimkimbilie Fumika..."

"Maliza kwanza," Bibi alisema.

Kozue alimalizia. "Kwa hiyo chanzo kinachodhaniwa ni tangi la choo lililopasuka, katika nyumba isiyolalwa na watu, juu ya chemchemi, ambayo choo chake bado hutumika mchana. Mmiliki ni..." Hapo ndipo palipokuwa na kipande cheusi. "Wamefunika. Juu kule kuna nyumba nyingi zilizofungwa. Itakuwa ya nani, Bibi?"

Bibi Tokie alikuwa na kisu cha kukatia tofu mkononi. Alikiweka chini taratibu. Alikaa kwenye kigoda.

"Zilizofungwa ni nyingi," alisema. "Inayotumiwa choo mchana ni moja tu. Mimi ninachambua soya pale kila siku, Kozue. Mkaguzi wa matangi alikuwa akiniletea taarifa kila mwaka kwamba tangi linahitaji kutengenezwa, nami nikimwambia mwakani, mwakani. Jina lililo chini ya weusi huu ni langu."

Kozue alimfikiria Fumika akila wali wake kimya. Aliwafikiria ng'ombe wanne waliokwisha kuuzwa. Akamtazama bibi yake, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na swali hata moja.

Mlango wa duka ulifunguliwa kwa kishindo. Alikuwa Bwana Kuwabara, anahema, hana hata kofia. "Bibi, imefika? Umeisoma? Nilitaka kukwambia mwenyewe, mara ngapi sijui, lakini kila nikikuona ulimi unakuwa mzito. Sikiliza. Jina limefunikwa, na baraza limekubali libaki hivyo. Hakuna atakayejua. Mwakani mji utapitisha mabomba mapya ya maji machafu mlimani kote, tatizo litakwisha lenyewe. Wewe kaa kimya tu."

"Kwa hiyo karatasi zote tatu ulizipaka weusi kwa ajili yangu?"

Bwana Kuwabara aliinama sana. "Umeninywesha maziwa ya soya tangu nikiwa mdogo, Bibi. Ningewezaje kukutia aibu?"

"Kuwabara, mwanangu," Bibi alisema, "umenisitiri mimi, ukamvua nguo Baba Fumika mbele ya mji mzima. Aibu hukuiondoa. Umeihamisha tu nyumba. Na mimi nimekusaidia kuibeba, kwa mdomo wangu huu."

Bwana Kuwabara alijifuta uso, na haikujulikana kama ni jasho au machozi.

Bibi alisimama. "Kozue, nipe ule wino wako mweupe wa kufutia makosa."

Kozue alitoa kichupa kwenye mkoba wa shule. Wakatoka wote watatu, Bibi mbele na karatasi mkononi, wakapanda mpaka kwenye chemchemi. Bibi aliibandika karatasi ile chini ya kibao cha "kwa sasa". Kisha, kwa herufi nzito, juu ya kile kipande cheusi, akaandika kwa wino mweupe jina lake lote: Tokie Numabe, mwenye duka la tofu. Akarudi nyuma hatua moja kutazama kama linasomeka. Lilisomeka vizuri sana.

Kutoka hapo alipanda hadi kwenye zizi. Bwana Onodera, baba yake Fumika, alitoka na ndoo, na Fumika nyuma yake. Bibi Tokie aliinama hadi mgongo wake mzee ukalia, akasema yote bila kupunguza. Hakumtaja Kuwabara. Ila Kuwabara mwenyewe alisogea, akainama kando yake, akataja kosa lake.

Bwana Onodera aliwageukia ng'ombe wake zizini. "Bibi, sitasema si kitu," alisema. "Nimeuza ng'ombe wanne. Mtoto wangu amekula peke yake tangu kiangazi. Hicho ni kitu."

"Ni kitu," Bibi alikubali, bado ameinama.

"Inuka, Bibi, mgongo utakuuma." Akaiweka ndoo chini. "Waliobaki bado wanayasubiri makapi yako asubuhi. Wamekataa kusahau."

Fumika alimvuta Kozue pembeni. "Ungeweza kunyamaza," alinong'ona. "Jina halikuwepo."

"Ni Bibi aliyekataa," Kozue alisema. "Na siku ile Daigo alipokucheka, mimi ndiye niliyenyamaza. Nisamehe."

"Kwa sasa, sijui," Fumika alisema, kisha akacheka kidogo alipoona uso wa rafiki yake. Siku ya pili darasani Kozue alisimama wakati wa chakula, akaisoma karatasi nzima mbele ya wenzake. Daigo alikunywa maziwa yake hadi tone la mwisho, bila kuambiwa.

Tangi la nyumba ya zamani lilichimbuliwa, likawekwa jipya, na Bibi alilipia mwenyewe. Maji yalipimwa mara kadhaa, na safari hii kila matokeo yalibandikwa pale pale, tarakimu zote zikionekana. Theluji ilipoanza kuyeyuka, kamba ya njano ikaondolewa. Kibao kipya kilisema maji ni salama, kilieleza yatapimwa tena lini, na chini kabisa kiliongeza: "Ukitaka kuona karatasi zote, njoo ofisini, umwulize Kuwabara." Kozue alikisoma mbele, akaenda kukitazama na nyuma kwa mazoea. Hakukuwa na "kwa sasa" popote.

Kata mpya ya mianzi ilikuwa imetundikwa. Bibi Tokie aliijaza maji, akawatazama wasichana wawili waliosimama na kigari cha makapi kati yao, Baba Fumika akiwa nyuma yao.

"Sikilizeni, wajukuu zangu. Nilipoomba karatasi zile, nilitaka zinipe ninachokiamini. Zikanipa kilichopo. Basi msiache kuuliza, na kila mnapouliza muwe tayari kwa jibu, hata likiwa linawahusu ninyi wenyewe. Na ofisi ikificha jambo, hata kama imelificha kwa huruma, jueni kuna mtu mahali fulani anaumia kwa ajili ya huruma hiyo."

Kozue alinyoosha mkono kuipokea kata, kwani kiu ya maji yale alikuwa nayo tangu mwaka uliopita. Lakini Bibi aliipitisha mbele yake, akaishika kwa mikono miwili, akampa kwanza Baba Fumika.